Alhamisi, kwa Mlango wa Nyuma

Mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, una makanisa mengi kuliko mabomba ya maji, na tofauti na mabomba, makanisa hayakauki. Ukisimama katikati ya barabara kuu Jumapili saa nne asubuhi, unaweza kuhukumiwa kutoka pande mbili kwa mpigo, kila upande na kipaza sauti chake. Upande mmoja utasikia kwamba Wakatoliki wanaabudu sanamu. Upande wa pili utasikia kwamba waliookoka wana kanisa lenye umri mdogo kuliko sufuria ya jikoni kwako. Wasabato siku hiyo hawasemi kitu; walishasema jana.

Dorothée, msusi, alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, kwa hiyo saa nne alikuwa amekwisha kurudi nyumbani akimenya mihogo, na yote hayo yalimfikia mlangoni bila yeye kutoka. Majirani walimwita Mama Merveille, kwa jina la binti yake wa pekee. Mumewe alikwenda rasi ya Ubwari kuvua kwa wiki mbili, miaka tisa iliyopita. Habari zake zilifika mara kwa mara, pamoja na majina ya watoto aliowapata huko.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na chumba cha mbele kilikuwa saluni. Kwenye ukuta wa nje, pande zote mbili za mlango, kulikuwa na vichwa vitatu vya wanawake waliosukwa mitindo mitatu. Mchoraji alikuwa kijana wa mji wa Fizi-Centre ambaye hakupata mtu wa kumwiga, na matokeo yake wanawake wote watatu walifanana naye.

Hatua mia mbili kutoka hapo lilikuwapo Kanisa la Maji ya Uzima. Sheria zake juu ya nywele zilikuwa wazi: mama wa kanisa hasukwi, haweki mèches, yaani nywele za kuongezea, na hatoki nyumbani bila kitambaa kichwani. Sheria hizo zilitoka katika barua ya Mtume Paulo, mtu ambaye, kwa kadiri tujuavyo, hakuwahi kuishi nyumba moja na mwanamke.

Sasa, kichwa kinachofungwa kitambaa miaka ishirini katika joto la ziwa kina mambo yake. Kinawasha. Kinatoa mba. Nywele zinakatika, kwanza mbele, halafu pembeni. Kwa hiyo kila Alhamisi saa kumi alasiri, maombi ya akina mama yalipokwisha, baadhi yao hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Walipita kichochoro, wakavuka mtaro kwa ubao, wakainama chini ya kamba ya nguo ya jirani, wakaruka ngazi iliyolegea, wakaingia kwa Dorothée kwa mlango wa nyuma. Wengine walikuja kutibiwa ngozi. Wengine walikuja kusukwa kabisa, mistari mizuri ambayo mtu mwingine yeyote asingeiona isipokuwa mume, kama taa ingekuwa inawaka. Mbwa wa Dorothée, Tigre, aliwazoea mpaka akawa hainui kichwa.

Mteja wa kwanza kabisa wa mlango huo alikuwa Mama Immaculée, mke wa pasta. Alizaliwa Mkatoliki; kanisa alilibadilisha kwa alasiri moja, ziwani, lakini jina lilibaki, kwa sababu kubadilisha jina kwenye bureau ya état civil, ofisi ya kuandikisha watu, ni safari ndefu kuliko kubadilisha dini. Nywele zake za mbele zilikuwa zimerudi nyuma mpaka katikati ya kichwa. Dorothée alimpaka mafuta ya mbegu za mchikichi, akavuta nywele za nyuma kwa mikono laini, akamsuka mistari myembamba ya kufunika ule uwanja wa mbele. Wala hakuwahi kumwambia mtu.

Tusimfanye mtakatifu, lakini. Jumapili Mama Immaculée alipofundisha juu ya mapambo ya kichwa, na kipaza sauti kikalileta somo mpaka kwenye mihogo, Dorothée alikijibu. "Sema, mama, sema," alikiambia. "Alhamisi tutaonana." Alicheka peke yake, na kicheko hicho alikitunza miaka kumi na miwili kama mtu anavyotunza kitenge kizuri sandukuni.

Halafu Merveille akampenda Néhémie.

Merveille alifundisha darasa la tatu la msingi. Néhémie alitengeneza injini za pirogue, mitumbwi ya kuvulia, kando ya ziwa na kupiga gitaa la besi katika kwaya ya Maji ya Uzima. Alikuwa kijana mpole ambaye hata akisalimia alionekana kama anaomba radhi. Familia zilikutana, dot, yaani mahari, ikapokelewa, watu wakala. Kwa desturi mwanamke anafuata kanisa la mume, na Dorothée alilikubali hilo kabla ya kuombwa. Wenzake wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, ndio waliolikataa kwa niaba yake.

"Kwa hiyo maji ya padri yalikuwa machafu?" aliuliza Adolphine, rais wa shirika. "Batamuzamisha mutoto mu ziwa kama ndagala."

"Ndagala anatolewa mu ziwa, mama. Haingizwe."

"Unacheka. Siku moja utaita mukwe wako, atakwambia we mupagani."

"Mungu iko mumoja," Dorothée alisema. "Bipaza sauti ndio biko bingi."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifikiria. Siku ya harusi, akina mama wa kanisa la bwana harusi huenda kumchukua bibi harusi nyumbani kwa mama yake. Wanafika wakiimba. Mama anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, anamtoa binti, na wao wanatandika vitenge vyao chini kutoka kizingiti mpaka barabarani, ili asikanyage vumbi. Dorothée alikuwa ameiona siku hiyo kichwani tangu Merveille akiwa na meno manne. Hakuwa na mume wa kusimama naye, wala mkwe mwenye gari, wala ukumbi. Alikuwa na mlango.

Na mlango huo ulikuwa wa saluni.

Jambo lilipelekwa kwenye komisyo, yaani kamati, ya nidhamu ya Maji ya Uzima, chini ya Mzee Wilfried, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka thelathini na moja na bado alitembea kama anayepita kati ya madawati. Je, akina mama wa kanisa wanaweza kuimba wakiingia nyumba ya kusukia, chini ya picha za vichwa vitatu? Komisyo ilijadili jioni mbili. Mwishowe iliamua kwamba ujumbe uende kuiona nyumba: Mzee Wilfried na akina mama wanne, wakiongozwa na Mama Immaculée. Na kwa kuwa akina mama huwa wako pamoja baada ya maombi yao, iwe Alhamisi, saa kumi.

Waliojua maana ya Alhamisi saa kumi hawakuweza kusema. Asiyejua aliiandika kwenye daftari.

Basi walikwenda. Mzee Wilfried alitangulia na Biblia na mwavuli, akina mama wakamfuata. Akili zao zilikuwa kwenye ujumbe. Miguu ilikuwa imeachwa ijiongoze. Walipofika pembeni mwa nyumba, mzee alikwenda mbele. Akina mama wanne walikata kushoto. Walivuka mtaro kwa ubao. Waliinama chini ya kamba bila kuitazama. Waliruka ngazi iliyolegea, mmoja baada ya mwingine. Tigre alifungua jicho moja, akapiga mkia chini mara mbili, akalifunga.

Jirani mwenye kamba alikuwa Mama Kulthumu, Mwislamu, muuzaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye alizitazama habari za Wakristo kama mtu anayetazama mpira wa timu za wengine. Aliinua kichwa kutoka kwenye samaki zake.

"Leo munakuya bote mara moja?" aliuliza. "Na iko saa kumi. Atamaliza bichwa bine saa ngapi?"

Hapo ndipo Mama Immaculée aliposimama.

Mbele, Mzee Wilfried aligeuka kusema, "Tuombe kwanza," akakuta anaongea na barabara. Alirudi mpaka pembeni mwa nyumba, akachungulia. Akina mama wanne wa kanisa lake walikuwa wamesimama kwenye mlango wa nyuma, kwa mstari, kwa zamu, kama walivyosimama miaka yote.

Dorothée alikuwa katikati ya nyumba na aliona yote. Upande huu mzee, dirishani; upande ule wanne, mlangoni. Hakuhitaji kusema neno. Ilitosha anyamaze kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, na angekuwa ameshinda kesi: komisyo gani ingemhukumu msusi bila kuwahukumu waliosukwa? Alimtazama Mama Immaculée. Mke wa pasta alikuwa ameweka mkono kwenye kitambaa chake, mbele, pale ambapo nywele hazikuwapo, kama mtoto anayefunika jibu lisionwe na jirani.

"Muzee Wilfried!" Dorothée aliita kwa sauti kubwa. "Munisamehe, baba! Nimeosha saruji hapa mbele, iko inakauka. Nilituma neno bageni bapite ku nyuma. Bamama balisikia. Ni weye tu habari haikukufikia."

Saruji ilikuwa kavu kama biskuti. Juu yake kulikuwa na nywele za wateja wa asubuhi. Mzee Wilfried alirudi kwenye mlango wa mbele akaitazama. Mtu aliyesikia sababu za watoto kuchelewa shule kwa miaka thelathini na moja anautambua uongo kama anavyoitambua chaki. Aliitazama tena. Halafu akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akavuka chumba kwa ncha za vidole, akiambaa ukuta, kama mtu anayeogopa kuharibu kazi ya fundi.

Waliketi nyuma, kwenye jamvi na viti.

"Mama Merveille," alianza mzee, "hii kazi, hauna ingine?"

"Niko na hii, Muzee."

"Na banaokuya kusukwa hapa, ni banani?"

Akina mama wanne walitazama jamvi.

"Ni bamama ba hapa Baraka."

"Ba kanisa gani?"

"Muzee, nikikuwa nasuka, naona nywele. Kanisa haionekane pale."

Mama Immaculée alikohoa. Mzee aliandika jambo fupi, akaomba sala ndefu, wakaondoka. Wote watano walitoka kwa nyuma, kwa heshima ya saruji.

Jumamosi Dorothée alikwenda kuungama. Alisema amesema uongo.

"Uongo huo ulimsaidia nani?" padri aliuliza.

"Banaonisema, Padri."

Alipewa Salamu Maria tatu. Aliona ni chache, akaongeza mbili. Kuhusu kicheko cha miaka kumi na miwili hakusema kitu. Hakukumbuka kwamba nacho kilikuwa cha kuungamwa.

Uamuzi wa komisyo ulifika Jumatatu kwa barua yenye muhuri. Ikiwa saluni itafungwa na picha kufutwa, bibi harusi atachukuliwa kwa mama yake. Ikiwa sivyo, atachukuliwa kutoka nyumba ya mama yake mdogo, ng'ambo ya mto Mutambala, ambayo komisyo iliona haina neno. Aliyeileta barua ni Néhémie mwenyewe, na aliishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

"Mi niliwaambia," alisema. "Balisema sheria ni sheria."

"Nisipotokea hapa, sitoke," Merveille alisema.

"Utatoka," mama yake akajibu. "Mulango ni mbao tu."

Lakini walipokwenda, aliketi muda mrefu akiutazama ule mlango wa mbao.

Kufunga saluni kulikuwa kufunga chungu. Kutoifunga kulikuwa kumtoa binti yake kwenye nyumba ya watu, kama yatima, yeye akiwa hai na ana afya. Alipima siku mbili. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, aliazima brashi, akachanganya chokaa kwenye ndoo, akatoka nje saa tatu asubuhi. Kichwa cha kwanza kilifutika kwa mipako miwili. Cha pili kilisumbua. Macho yalibaki yakitazama kupitia chokaa mpaka mpako wa nne. Alikuwa amehamia cha tatu aliposikia nyuma yake:

"Weka hiyo kitu chini, Mama Merveille."

Mama Immaculée alikuwa amesimama barabarani. Si kichochoroni. Barabarani, upande wa soko, ambako wakati huo watu walikuwa wengi na mapikipiki yanapita.

"Leo ni maombi saa nane," Dorothée alisema. "Na mulango wako ni wa nyuma."

"Najua milango."

"Basi unatafuta nini huku?"

"Siku ile ungenyamaza tu," alisema mke wa pasta. "Nilikuangalia. Nilisema mu roho, sasa atanyamaza. Mimi ningenyamaza."

Dorothée aliitazama brashi. "Nilitaka," alisema. "Mama, tusidanganyane. Miaka yote nimekucheka. Ukifundisha Jumapili, mi niko hapa nacheka mpaka mihogo inanitoka."

"Unacheka nini?"

"Kila kitu."

Mama Immaculée alilifikiria hilo. "Ata mimi ningecheka," alisema mwishowe. "Na ukifunga, sisi tutaenda wapi? Ulishafikiria?" Akapita mlango wa mbele, akaingia, akavuta kiti mpaka karibu na kizingiti palipo na mwanga, akaketi akitazama barabara. Akafungua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka magotini. "Suka."

"Hapa?"

"Fasi ingine unaona mwangaza?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi jua la asubuhi liliona kichwa cha mke wa pasta: uwanja mpana mbele, mng'aro wa mafuta, na nyuma nywele kidogo zenye mvi zinazojitahidi. Mwendesha pikipiki mmoja aligeuka kutazama, nusura aingie kwenye meza ya nyanya. Mama Kulthumu alizunguka nyumba kuja mbele, akatazama kwa makini, akarudi kwa samaki zake akisema, "Leo banacheza nyumbani."

Dorothée alinawa chokaa, akaanza. Kufikia saa tano habari zilikuwa zimefika sokoni, bandarini na, kwa simu, Ubwari. Pasta peke yake hakuzipata. Alikuwa Fizi-Centre kwenye semina.

Mzee Wilfried alifika saa tano na nusu, na mwavuli wake. Alisimama kwenye kizingiti.

"Mama Pasta," alisema. "Uko unafanya nini?"

"Niko nasukwa, Muzee. Ingia ao pita. Unafunga mwangaza."

Mzee hakuingia wala hakupita. Alitazama kile kichwa, halafu haraka akatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa mwenziwe bila kubisha. Alitazama ukuta wenye chokaa mbichi na kichwa kimoja kilichobaki. Alitazama chini.

"Ile saruji," aliuliza, "ilishakauka?"

"Ilishakauka, Muzee," Dorothée alijibu.

Basi akaingia na viatu vyake, akaketi kwenye benchi la wateja, akatoa daftari la komisyo. Alibaki hapo mpaka mstari wa mwisho ulipofungwa, muda wa saa moja na robo, kwa sababu nyumba ambayo mzee wa kanisa ameketi ndani yake na daftari ni nyumba inayotembelewa rasmi. Mwishoni aliandika sentensi moja, na tunaijua kwa kuwa aliisoma kwa sauti: "Nyumba imeonwa mara ya pili, mlango wa mbele unapitika." Barua ya Jumatatu haikutajwa tena.

Jumamosi, akina mama kumi na wanne wa Maji ya Uzima walikuja wakiimba. Tisa walifika mpaka mlangoni. Watano walibaki barabarani, wakaimba kutoka hapo kwa sauti kubwa zaidi, wasije wakadhaniwa wamesusa. Dorothée alifungua mlango kwa mkono wake, akamtoa Merveille, na hakulia, kwa sababu alikuwa amejipaka wanja.

Vitenge vilitandikwa. Adolphine wa shirika, aliyekuja kutazama tu, alijikuta amevua cha kwake na kukitandika pia, cha mwisho, karibu na barabara. Kilikuwa kitenge cha akina mama Wakatoliki, na katikati yake Bikira Maria alitazama juu akimsubiri bibi harusi amkanyage. Uimbaji ulipungua. Merveille alisimama na mguu hewani. Mama Immaculée ndiye aliyeinama. Alikiokota, akakikung'uta vumbi, akakikunja uso wa picha ukiwa ndani, akakitia kwapani, akatandika cha kwake mahali pale. Kitenge cha Adolphine kiliingia Kanisa la Maji ya Uzima kwapani mwa mke wa pasta, kikakaa ibada nzima kwenye kiti cha mbele, na kilirudishwa jioni kikiwa kimepigwa pasi.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Hapo mlangoni, wakati wale tisa walipokanyaga kizingiti, Tigre alitoka nyuma ya nyumba mbio na kuwabwekea kwa hasira, mpaka ikabidi Mama Kulthumu amfunge kamba. Miaka yote alikuwa akiwajua vizuri sana wanawake hawa. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuwaona wakitokea upande wa mbele.